Enjeniere anarudisha DWG yako kila mara? Shida iko kwa vyu, sio kwa nyumba

Mudogo mumoja ameniandikia, nafupisha swali lake: "Yaya, mi nachora kwa Revit (programu ya kuchora modeli ya nyumba) lakini enjeniere wa struktire anatumia AutoCAD tu (ya michoro ya mistari, faili zake ni DWG). Nyumba iko kwa parseli ya mteremko huku Nguba, Bukavu, nivo tatu na nusu-nivo moja. Kila nikimutumia DWG anairudisha: ati meble (viti, meza) zimejaa, kalke (tabaka za mchoro) zimepita mia, mistari ya vipande inaonekana kama mustari mumoja mzima, na chumba cha nusu-nivo hakionekani. Nikizima vitu ili nimutumie, plani za klienti zinaharibika, kesho yake naanza kuwasha kimoja kimoja. Naweza kupanga hii kitu mara moja ikae?"

Unaweza, mudogo wangu. Lakini kwanza kubali kwamba Revit haieksporti nyumba. Ukiomba DWG ya plani, inatoa kile vyu (mwonekano mumoja wa modeli, kama plani ya nivo moja) inaonyesha, vile inaionyesha, kwa eskali ya ile vyu, basi. Ukuta unaweza kuwa kwa modeli na umeuchora vizuri sana, kama vyu haiuoni enjeniere naye hatauona. Kwa hiyo malalamiko yake yako na makao mawili: mengine yanakaa ndani ya vyu, mengine ndani ya dirisha la mipangilio ya eksporti, na watu wengi wanahangaika ju wanatafuta dawa ya huku kwa kule. Meble na nusu-nivo ni mambo ya vyu. Mistari ya vipande ni ya dirisha la eksporti. Kalke mia ni ya yote mawili.

Tuanze na hii ya kuzima na kuwasha, ju njo inakula siku zako. Usieksporti hata siku moja kutoka kwa vyu ya klienti. Fanya vyu ya pili ambayo kazi yake ni kutoka tu, mi zangu naziita kwa jina linaloanza na DWG ili zikae pamoja kwa orodha, DWG_STR_nivo0, DWG_STR_nivo1, vile vile. Bonyeza kulia kwa plani, fanya kopi. Hapo Revit inakupa kopi za aina tatu na watu wanachagua bila kusoma. Kopi tupu inabeba modeli bila kota (vipimo vilivyoandikwa) na maandishi yako. Kopi yenye maelezo inabeba vyote. Na kopi tegemezi ni ile ambayo inabaki imefungwa kwa mama yake, ukizima meble kwa mtoto mama naye anazima. Nikisoma vile umeeleza, nadhani ama unaeksporti kutoka kwa vyu yenyewe ama ulifanya kopi tegemezi ukafikiri uko salama. Chukua ile yenye maelezo, kiisha futa kota ambazo enjeniere hana kazi nazo.

Halafu sasa gabari ya vyu, yaani mipangilio iliyohifadhiwa ambayo unaipa vyu nyingi. Zima meble na mapambo, majani, gari, watu (ndiyo, kuna mutu aliwahi kunitumia plani ya struktire iko na mwanamke anabeba mtoto kwa balkoni), kwa dirisha la uonekano, unaandika V na G kwa klavye linafunguka. Ukimaliza, tengeneza gabari kutoka kwa ile vyu, kiisha iambatanishe na vyu zote za DWG_STR. Angalia tofauti hii: kuna kuipaka gabari mara moja, na kuna kuiambatanisha ikae. Ukiipaka, kesho mutu mwingine wa ofisi anaweza kuvuruga na hutajua. Ukiiambatanisha, ile mipangilio inafungwa, mutu akitaka kubadilisha kitu paka apitie kwa gabari, na ukibadilisha gabari mara moja vyu zote zinafuata. Kwa nyumba ya nivo tatu sio kitu, lakini siku utapata jengo la nivo nane utanikumbuka.

Mtego uko hapa. Kuficha kitu kwa mkono, ile unabonyeza kiti unasema fiche ndani ya vyu, hiyo haiingii kwa gabari. Inabaki kwa ile vyu moja tu. Wachoraji wengi wanaficha kwa mkono vitu makumi, kiisha wanashangaa nivo ya pili imetoka chafu wakati ya kwanza ilikuwa safi. Kama kitu kinafaa kupotea kwa vyu zote, kizime kwa kategoria, na kama kategoria ni kubwa mno tumia filta, kwa mfano kuta zote ambazo jina la aina yake liko na neno "jipsi" zisionekane. Filta inaingia kwa gabari. Mkono hauingii. Na ile fiche ya muda, yenye fremu ya buluu inayozunguka skrini, usiitegemee kwa eksporti hata kidogo, itoe kabla hujaanza.

Jambo lingine watu wanafanya kwa nia nzuri: wanabadilisha disipline ya vyu kuwa struktire, wakifikiri enjeniere atafurahi. Revit ikiona disipline ni struktire inaficha kuta ambazo hazibebi mzigo. Sasa enjeniere anahesabu dali (sakafu ya betoni) bila kuona vigawanyo vya matofali vyenye uzito vilivyo juu yake. Mi naiacha kwa arshitektire ama ya pamoja, nazima mwenyewe kile sitaki.

Tufike kwa nusu-nivo, na hapa nitakaa kidogo ju huku kwetu Bukavu nyumba iliyokaa kwa ardhi sawasawa ni bahati. Plani ya Revit ni nyumba iliyokatwa na kisu cha kulala, na kile kisu kiko kwa kimo fulani kutoka nivo ya ile vyu. Kwa gabari za kuanzisha projet, zile za metriki, kisu kinakuja kimewekwa kwa 1,20 m. Chini yake kuna sakafu ya vyu, na chini zaidi kuna kina cha mwisho, na mara nyingi hivyo viwili vyote viko kwa 0, yaani kwenye nivo yenyewe. Weka hiyo kwa nyumba yako: unaingia kwa barabara kwa nivo 0, kiisha unashuka ngazi kumi hivi unafika chumba ambacho sakafu yake iko, tuseme, kwa -1,60. Kisu kinapita 1,20 juu ya barabara, maana yake 2,80 juu ya sakafu ya kile chumba, pengine ndani ya plafon, pengine juu ya paa. Milango yake haikatwi, madirisha hayakatwi, na sakafu yake iko chini ya kina cha mwisho kwa hiyo Revit inaona kama haiko. Haijakosea, imefanya vile uliiambia.

Wengi wanateremsha kisu cha plani nzima. Usifanye hivyo, utapata chumba cha chini na utapoteza madirisha ya juu. Dawa ni eneo la plani: ndani ya ile vyu unachora mpaka kuzunguka kile chumba tu, na unalipatia eneo lile kisu chake, hapa -0,40, yaani 1,20 juu ya sakafu yake, sakafu ya vyu kwa -1,60, na kina cha mwisho unateremsha mpaka uone kile unataka. Sehemu nyingine ya plani inabaki na kisu chake. Ule mpaka wenyewe unaonekana kama mustari wa vipande, uuzime kwa V-G upande wa maandishi, la sivyo enjeniere atauliza hiyo ni biimu gani. Na ujue kwamba eneo la plani linakaa kwa vyu moja, gabari hailichori kwa vyu zingine, kwa hiyo angalia kila vyu ya DWG yenye ule mteremko.

Ninasema hivi ju iliwahi kunikuta. Ukuta wa kuzuia udongo upande wa nyuma, mrefu, sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya kina cha mwisho cha vyu. Kwa 3D ulikuwa unaonekana vizuri kabisa, nilikuwa nauangalia kila siku. Kwa DWG haukuwa. Mutu wa devi (hesabu ya gharama) alihesabu kutoka kwa DWG, klienti akasaini devi, na saa tulifika shantie hakuna mutu aliyekuwa amepanga mawe wala simenti ya ule ukuta. Mazungumzo na klienti ile siku sitaki kuyakumbuka. Tangu pale, kwa nyumba ya mteremko, kila DWG ya plani naituma pamoja na kupe mbili (michoro ya nyumba iliyokatwa wima), moja ya kufuata mteremko na moja ya kuukata.

Ngazi ya undani sasa, yaani vitu vidogo kiasi gani vyu inaonyesha. Kwa ya chini kabisa ukuta unakuwa mistari miwili ya nje. Kwa ya kati na ya juu, Revit inaonyesha tabaka za ukuta. Tuseme uko na tofali ya 15 na plasta 2 kila upande. Kwa undani wa chini enjeniere anapima 19, na yeye anataka 15, ju biimu yake inakaa juu ya tofali, sio juu ya plasta. Kwa undani wa kati anaona mistari minne na anaweza kupima tofali. Kwa hiyo kwa struktire mi natuma ya kati, na kota naziweka kwa nyuso za kiini cha ukuta. Lakini kwa fundi wa umeme ambaye anataka tu kujua ukuta uko wapi ili apange swichi, undani wa chini unatosha na faili inakuwa nyepesi. Njo maana nasema gabari moja kwa kila mutu anayepokea, sio gabari moja ya DWG kwa wote. Fundi wa maji naye anataka kuona choo na lavabo ambazo enjeniere wa struktire hazitaki.

Eskali pia iko ya vyu. Maandishi ya 2,5 mm kwa vyu ya 1:100 yanatoka kwa DWG na kimo cha 25 cm, kwa 1:50 yanatoka 12,5 cm. Kama enjeniere atachapisha kwa 1:50 na wewe umemutumia vyu ya 1:100, kota zako zitakuwa kama mabango. Muulize eskali yake, weka ile kwa gabari. Mtindo wa kuonyesha, weka mistari iliyofichwa. Ukiacha fremu ya waya utamutumia hadi mistari iliyo nyuma ya ukuta. Na ile kitufe ya kufanya mistari myembamba ni ya macho yako tu kwa skrini, haigusi DWG.

Fremu ya kukatia vyu, iwashe na uibane karibu na nyumba. Ikiwa imezimwa, ile topo (ramani ya ardhi) yote na nyumba za majirani ulizoweka kwa mapambo zinatoka.

Haya, kalke. Fungua dirisha la mipangilio ya DWG, ukurasa wa kalke. Pale juu kuna chaguo tatu na njo moyo wa shida yako. Ya kwanza: tabia za kategoria zinafuata kalke, lakini kila kitu ulibadilisha rangi ama unene kwa vyu kinabeba mabadiliko yake mwenyewe. Enjeniere anabadilisha rangi ya kalke ya kuta, nusu ya kuta zinakataa, anakasirika. Ya pili: vyote vinafuata kalke, mabadiliko ya vyu yanatupwa. Ya tatu: vyote vinafuata kalke, na kwa kila mabadiliko Revit inazaa kalke mpya. Hiyo ya tatu inatunza sura ya plani vile uliiona kwako, lakini kama ulipaka rangi hapa, ukapunguza unene pale, kalke zinazaana kama panya. Kwa mutu atakayefanya kazi ndani ya DWG, chukua ya pili. Ya tatu ni ya mutu anayetaka kuchapisha tu, na huyo kwa kweli mutumie PDF.

Sababu ya pili ya kalke mia, na nina uhakika kidogo inakuhusu: ile DWG ya mutu wa topo uliyoingiza kwa Revit. Kalke zake zote zinatoka tena na wewe. Izime kwa V-G, ukurasa wa vitu vilivyoingizwa. Na siku nyingine usiiingize, iunganishe, ni rahisi zaidi kuisimamia na kuitoa.

Chini ya zile chaguo kuna jedwali, kila kategoria na kalke yake, safu moja ya vitu vinavyoonekana na safu moja ya vitu vilivyokatwa. Revit inakuja na viwango tayari, AIA ya Marekani, ISO 13567, BS1192 ya Uingereza, moja ya Singapuri. Ukuta kwa AIA unaitwa A-WALL. Enjeniere wetu wengi wamesoma kwa Kifaransa na wako na MUR (ukuta) na POTEAU (nguzo) kwa kichwa, hakuna sheria inakukataza kuandika hivyo. Tena unaweza kupeleka kategoria tano kwa kalke moja, mi milango na madirisha vyote vinaingia kwa OUVERTURES na hakuna aliyelalamika. Muombe faili yake moja ya zamani, uone majina yake, ujaze jedwali ufanane naye. Ni kazi ya saa moja, unaihifadhi kwa jina, na kwa projet nyingine unaihamisha pamoja na gabari kwa ile njia ya kuhamisha viwango vya projet.

Rangi: chagua za indeksi, zile 255 za AutoCAD, ju wengi wanachapisha kwa kufuata namba ya rangi. Tuendelee.

Mistari ya vipande. Ukurasa wa mistari uko na chaguo tatu za eskali ya aina za mistari. Moja inaandika vipande vikiwa vimekwisha kupigwa hesabu ya eskali ya vyu. Ya pili, ya modeli, inaweka LTSCALE (namba ambayo AutoCAD inakuzia vipande) sawa na eskali ya vyu na PSLTSCALE (swichi ya vipande kwa upande wa karatasi) kuwa 0. Ya tatu, ya karatasi, inaweka zote mbili kuwa 1. Sasa angalia kinachotokea: umechagua ya kwanza, vipande tayari vimekuzwa, enjeniere anakopi plani yako ndani ya faili yake ambayo LTSCALE ni 50, vipande vinakuzwa tena mara 50, kipande kimoja kinakuwa kirefu kuliko nyumba na mustari unaonekana mzima. Ukitumia ya modeli, na vyu yako iko 1:50, na faili yake iko 50, mutakutana. Muulize namba yake ya LTSCALE kwa WhatsApp, ni neno moja analiandika kwa AutoCAD na jibu linatoka.

Unite, usikisie. Kitu kimoja cha DWG ni metre, sentimetre ama milimetre, chagua ile yake, la sivyo atafungua nyumba ya mita kumi na mbili iliyo kubwa mara elfu ama ndogo kama kiberiti. Kuhusu koordinate, Bukavu, Goma na hata Lubumbashi ziko zote kwa UTM (mfumo wa koordinate za ramani kwa metre) zoni 35 kusini, kwa hiyo topo yako hapa inakuja na namba kubwa, mashariki karibu 700 000 na kaskazini zaidi ya 9 700 000 metre. Usibebe nyumba kuipeleka kule kwa Revit, ikikaa mbali na asili ya ndani (nukta 0 ya Revit) michoro inaanza kutetemeka. Nyumba ibaki karibu na asili, uunganishe topo, kiisha uchukue koordinate kutoka kwake. Wakati wa kueksporti, kama enjeniere anataka plani ianguke juu ya topo, chagua koordinate za pamoja. Plani inaweza kutoka imegeuka kufuata kaskazini ya kweli, umuambie mapema. Kama anataka tu plani imenyooka ya kuhesabia, chagua za ndani.

Kwa ukurasa wa mwisho kuna vitu viwili. Ile tiki ya kutoa vyu za karatasi kama faili za nje: ikiwa imewekwa na ukieksporti karatasi, unapata faili ya karatasi na faili nyingine kwa kila vyu. Wewe unatuma ile moja kwa WhatsApp, enjeniere anafungua anaona kartushi tupu (fremu yenye jina la mchoro). Itoe. Na toleo la faili: 2018 haifunguki kwa AutoCAD ya zamani, na huku watu wengi bado wako na ya zamani, mi natuma 2010 kama sijui. Kama ulikwisha kutuma na amekwama, DWG TrueView ya Autodesk ni ya bure na inabadilisha matoleo.

Kabla ya kutuma, hifadhi vyu zote za DWG_STR kama kundi moja kwa dirisha la eksporti, ili mara ijayo ubonyeze mara moja, hata kama kurant inakaribia kukatika. Kiisha fungua faili moja, pima mlango mumoja wa 90, fungua orodha ya kalke, tafuta kile chumba chako cha -1,60. Kama kalke bado zimepita thelathini, nitumie picha ya ile orodha, nadhani itakuwa topo.